Mtungi wa Zamzam

"Barafu bila chumvi ni maji tu yaliyolala," alisema Chabani, akamwaga bakuli zima la chumvi ya mawe ndani ya sanduku. "Chumvi ndiyo inaipa meno."

Mkewe Zubeda alikuwa amesimama mlangoni pa karakana. Mkononi alishika vichupa viwili vya dawa, amevifunga ndani ya leso kama mtu aliyebeba mayai. Alimtazama mumewe akikoroga barafu na chumvi kwa mwiko wa mwashi.

Chabani alikuwa fundi wa majokofu, au frigo kama walivyoyaita. Mtaa mzima wa Buyenzi, pale Bujumbura, ulimjua, na wenye mabucha na maghala ya samaki kule Zone Industrielle, penye viwanda, walimtumia watu hata siku ya Idi. Sanduku lile alilitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya frigo la zamani, akaliwekea mpira mpya mlangoni na kufuli ya baiskeli. Alikuwa amekwisha kuwaonyesha majirani. Aliwaambia wapige mlango, wasikie ulivyo mzito.

"Baba Houda," alisema Zubeda, "Dévote alisema dawa isikae karibu na barafu. Alisema tuiweke kwa mtungi, tuzungushie nguo yenye maji."

"Mtungi?" Chabani alicheka. "Mama Houda, sisi tunaenda Kigoma, atuendi kwa mababu."

"Alisema isigande."

"Dévote ni infirmière, muuguzi tu. We umeshaona infirmière anafungua kompresa? Niambie kitu kimoja tu kilichoharibiwa na baridi. Nyama? Samaki? Maziwa? Vyote vinaharibiwa na joto. Mi niko natafuta mukate wangu kwa baridi toka Houda akiwa mugongoni mwako. Leta hiyo dawa."

Zubeda alisita kidogo, kisha akampa. Kwa mambo ya baridi mji mzima ulimwamini mume huyu, naye angekuwa mke wa namna gani kama angekuwa mtu wa kwanza kumtilia shaka? Chabani akavipokea vichupa, akavichimbia katikati ya barafu, akafunga kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni.

Zubeda aliishi kwa vichupa vile. Sukari ilimwanza mara tu baada ya kumzaa Houda, na tangu hapo alijichoma sindano asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, wakati wa amani na wakati wa risasi. Kuna mwaka dawa ilikosekana mjini kwa ajili ya vikwazo, akalala kitandani siku chache tu na watu wakaanza kuulizana habari za sanda. Dévote ndiye aliyeipata, hakuna aliyejua wapi. Kwa hiyo Zubeda alijua hasa kilichokuwa ndani ya sanduku lile. Ilikuwa pumzi yake.

Na safari yenyewe hakuweza kuiacha. Houda, mtoto wao wa pekee, alivuka ziwa akikimbia vita, akaolewa Kigoma, akazaa mtoto wa kike akampa jina la Zubeda. Zubeda mkubwa alikuwa bado hajamgusa Zubeda mdogo. Njia ya kusini kwa gari haikufaa, mabasi yalikuwa yakichomwa na watu ndani. Ilibaki ziwa.

*

Kwenye lango la bandari abiria walipangwa mstari, askari wakapekua mizigo. Sanduku la Chabani liliwafurahisha. Mmoja alitia mkono kwenye barafu akautoa haraka akiupuliza, wenzake wakacheka, na Chabani akacheka pamoja nao kwa fahari.

Kisha askari yule akafungua mkoba wa Zubeda. Akatoa sindano, akaiinua juu.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, afande," alisema Zubeda. "Niko na ugonjwa wa sukari."

"Sukari!" Askari akageukia mstari mzima. "Jamani, sukari sasa inadungwa! Sisi tunaitia kwa chai." Halafu, bila kupunguza sauti: "Sema ukweli, mama. Ni ule ugonjwa mwingine. Mwanaume wako anajua?"

Watu hawakucheka, ila waligeuka wote kutazama, na kutazamwa hivyo kulikuwa kubaya zaidi ya kuchekwa. Zubeda alisimama na mikono yake tupu mbele yake. Chabani alifungua mdomo, akaona bunduki, akaufunga. Mama mmoja mnene aliyeitwa Hayat, aliyekuwa karibu yao na godoro lake kichwani, alisogea hatua mbili pembeni, kama mtu anayekwepa dimbwi.

Nyuma yao walisimama Hadji Talal na mkewe Radhia, wenye duka la vitambaa Rohero, watu wa ukoo wa Kiarabu wa zamani pale mjini. Radhia aliangalia sindano ile mkononi mwa askari, akateremsha ukaya wake mpaka karibu na macho. Talal alikuwa amebeba mtungi mdogo wa udongo uliozungushiwa gunia lenye maji. Zamu yao ilipofika, askari aliunyooshea mkono.

"Humo?"

"Maji ya Zamzam," alisema Talal. "Nilitoka nayo Maka. Nampelekea mama yangu Ujiji, yuko kitandani."

Askari akaurudisha mkono wake. Hakuwa Muislamu, lakini alikulia Bujumbura. Hata akawapisha mbele.

*

Boti ilikuwa ya mizigo. Ilibeba magunia ya kahawa, na abiria walilala juu ya magunia chini ya turubai. Kapiteni alikuwa Namegabe, mtu wa Uvira, mnyamavu, mwenye redio ya kupigia simu iliyofungwa kwa kamba. Waliondoka asubuhi, milima ya Congo upande wa kuume na milima ya Burundi upande wa kushoto, na maji katikati yametulia hivi kwamba watu wakapunguza sauti zao bila kuambiwa. Kwa miaka mingi walikuwa wakiitazama milima ya kwao kwa hofu, kwa kuwa mabomu yalitoka kule. Kutoka ziwani ilionekana mirefu na mitulivu, haina habari na mtu yeyote. Zubeda aliitazama mpaka shingo ikamuuma.

"Kumbe ni mizuri," alisema.

"Ndiyo hiyohiyo," alijibu Chabani. Lakini naye alikuwa akiitazama.

Ule mtungi ulipewa heshima. Mtu akipita karibu nao aliinua kanzu yake isiuguse. Watu walijibana ili usikae juani. Radhia aliulowesha kwa maji ya ziwa kila mara kwa mkono wake mwenyewe, na mzee mmoja akasema mama huyu ana imani. Hayat alikuwa akikaa karibu naye. Walikuwa safarini kwa jambo moja: mtoto wa kaka yake Hayat, kijana wa Ujiji, alikuwa amemposa Dalia, binti wa Radhia, na wazee wa pande mbili walikuwa wanakwenda kumaliza maneno. Hayat ndiye jicho la ukoo wa mwanaume. Alikuwa akiuliza maswali matamu.

"Na bibi yake Dalia, mama yako wewe, alikufa na nini, Allah amrehemu?"

"Uzee," alisema Radhia.

"Mzee sana?"

"Kiasi. Kula halua, dada."

"We mwenyewe hauli?"

"Nimefunga."

Jioni Chabani alifungua sanduku mbele ya watu. Moshi wa baridi ukatoka. Alichimbua kichupa kimoja, akakigonga na ukucha, kikalia kama jiwe.

"Umeona?" aliwaambia abiria. "Siku nzima kwa jua la ziwani!"

Zubeda alikipokea, akakigeuza. Dawa ilikuwa imeganda yote. "Baba Houda, Dévote alisema..."

"Ikiganda si itayeyuka? Maji yakiganda yakayeyuka ni nini? Ni maji." Alikichukua akakiweka kwapani mwake, akakaa hivyo akimsimulia mzee mmoja habari za makompresa, mpaka kikayeyuka. Kilipotoka kwapani, dawa iliyokuwa safi kama maji ya mvua ilikuwa na vitu vyeupe vidogo vikielea. Chabani alikitikisa. "Ni hivyo tu, imetoka usingizini."

Zubeda alivuta dawa kwenye sindano. Alijificha na kitenge, akajichoma pajani, akala mkate. Alikuwa anajua mwili wake, na alijua pia uso wa mumewe. Usiku ule alichagua kuamini uso.

*

Boti ilipokaribia Nyanza-Lac, mji wa ufukweni kusini mwa Burundi, manowari ndogo ya jeshi iliwasimamisha. Kulikuwa na mapigano ufukweni, mtu asipite. Namegabe alitia nanga mbali na nchi kavu, wakangoja. Waliona moshi. Sauti za bunduki ziliwafikia juu ya maji zikiwa ndogo, kama mtu anayepasua kuni nyumba ya pili.

Wakangoja mchana ule, usiku, na mchana mwingine.

Zubeda alikunywa maji yao yote, kisha akaanza kunywa ya ziwa. Alikunywa na kwenda ndooni, akanywa na kwenda ndooni. Choo cha boti kilikuwa ndoo nyuma ya mapipa, na kila mara Chabani alisimama na kitenge amekinyoosha mikono miwili, amewapa watu mgongo. Mwanzo watoto walicheka. Baadaye walinyamaza, na kunyamaza kwao kukamtisha Chabani. Alimchoma dawa ya kichupa cha kwanza, akamchoma ya kichupa cha pili. Ilikuwa kama kumchoma maji. Asubuhi ya pili Zubeda alianza kutapika, na kupumua kwake kukawa kwa nguvu na kwa kina, kama kwa mtu anayepanda mlima ilhali amelala.

"Ni ule ugonjwa," alinong'ona Hayat. "Nilisema. Si mliiona sindano?"

Chabani alilisikia neno hilo. Alikuwa ameliacha sanduku wazi. Barafu ilikuwa bado ngumu. Alikuwa ametengeneza sanduku zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, na lilikuwa linamuua mke wake.

Radhia alikuja na kikombe cha chai tupu, kumtazama mgonjwa kama inavyompasa jirani. Aliinama. Pumzi ya Zubeda ikampiga usoni, harufu ya ndizi iliyoiva mpaka ikaanza kuoza. Radhia aliganda hivyohivyo, kikombe mkononi. Harufu hiyo aliijua. Mama yake alikufa nayo.

Alirudi kwa mumewe, akakaa karibu sana naye.

"Ni sukari kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko kwenye ukingo."

Talal alitazama ziwa.

"Talal."

"Nimesikia."

Ndani ya boti ile watu wawili tu walijua kwamba ndani ya mtungi hamna Zamzam. Mlikuwa na maji kidogo ya robineti, ya bomba la nyumbani, na juu ya maji ulining'inia mkebe uliofungwa kwa uzi, na ndani ya mkebe sindano na dawa ya Radhia, ileile ya Zubeda, aliyotumiwa na ndugu wa Maskati. Alikuwa akijichoma kwa siri miaka kumi na miwili. Hata Dalia hakujua. Katika koo zao ugonjwa wa mama ni neno la kuvunja posa, na habari ya sukari ikitoka, watasema iko kwenye damu, na mabinti watakaa ndani mpaka wazeeke. Talal ndiye aliyebuni uongo wa Zamzam, na alijivunia, kwa sababu hakuna Muislamu wala Mkristo wa Bujumbura ambaye angeutia mkono mtungi huo.

"Tumpe kwa siri," alisema Radhia.

"Kwa siri wapi? Hapa hata mtu akikohoa wote wanajua. Na Hayat huyo hapo. Na dawa yenyewe ikiisha, wewe je? Ngoja. Labda watatufungulia njia sasa hivi."

Radhia alingoja. Hilo hakujisamehe baadaye, ingawa hakungoja muda mrefu.

*

Ni mzee mmoja aliyelitoa neno. Alisema kwa upole tu, akimwonea huruma Chabani: "Mwanangu, dawa za watu zimeshindwa. Mbona Zamzam iko hapa?"

Wote wakageuka. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa kila mtu alikuwa amelifikiria.

Chabani alisimama. Alipita juu ya magunia, akafika mbele ya Talal, akapiga magoti. Nguo zake zilinuka matapishi.

"Hadji," alisema, "sikuombi kikombe. Kijiko kimoja. Alowe midomo tu. Kama anakwenda, aende nayo."

Talal alifungua mdomo. "Ni... ni amana, ndugu yangu. Ni ya mama yangu."

"Mama yako ni mugonjwa, na huyu ni mugonjwa," alisema mtu mmoja.

"Mama yako yuko Ujiji, huyu yuko hapa!"

"Haiwezekani," alisema Talal. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Nawaomba. Haiwezekani."

Kelele zikaanza. Mwanamke mmoja akasema matajiri watauza hata maji ya Mungu. Na Hayat, aliyekuwa amekaa mbali na mgonjwa siku zote hizo, akasimama na kidole chake. "Hadji Talal! Utamnyima mtu anayekufa Zamzam mbele ya macho ya watu? Kaka yangu aoze mtoto wake kwa mtu kama huyo? Mi nitasema nilichokiona!"

Talal akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza uongo wake mzuri ulimgeukia, na hakuwa na pa kwenda.

Radhia alikuwa tayari ameukumbatia mtungi. Alifungua fundo la gunia, akatoa kifuniko. Watu wakanyamaza wakidhani anachota. Badala yake alivuta uzi, taratibu, na mkebe ukatoka ukidondosha matone.

"Hamna Zamzam humu," alisema. "Haijawahi kuwemo."

Turubai lilipiga kwa upepo mara moja.

"Ni maji ya robineti ya nyumbani kwangu. Na hii ni dawa yangu. Mi niko na sukari kama huyu, miaka kumi na miwili sasa. Bibi Hayat, uliniuliza mama yangu alikufa na nini. Alikufa na hiyo. Sasa umejua, na utasema unachotaka." Hakuwa amepandisha sauti. Alifungua mkebe, akatoa kichupa. "Fundi, acha kupiga magoti. Leta sindano ya mkeo, ile uliyonyamaza askari alipoidhihaki. Hata mi nilinyamaza."

Chabani akaleta. Alijikwaa njiani.

Talal alikuwa amejifunika uso. Kisha akasimama, akavua joho lake la safari, jeusi lenye uzi wa dhahabu, akalinyoosha kwa mikono miwili kumkinga Zubeda na macho ya watu, akawapa mgongo. Alisimama hivyo kama Chabani alivyosimama siku zote mbili. Radhia aliinua kichupa kwenye mwanga. Dawa ilikuwa safi kama maji ya mvua.

"Yako iliharibika vipi?" aliuliza akivuta.

"Niliigandisha."

"Wewe? Fundi wa baridi?"

"Mimi."

Radhia alimtazama. Angeweza kucheka, na Chabani angependa acheke. "Hii inapenda ubaridi wa kisima," alisema, "haipendi barafu. Mshike mkono."

*

Haikuwa kama kuwasha taa. Radhia alimpa dawa kidogo, akangoja, akampa nyingine kidogo, na katikati alimnywesha maji yenye punje za chumvi, kijiko kwa kijiko, akayatapika, akamnywesha tena. Dawa ikishuka kwenye kichupa, Talal aliitazama ikishuka. Watu hawakulala. Hata waliokuwa wakicheza karata waliziweka chini. Walikuwa wakisikiliza pumzi ya mwanamke wasiyemjua, ile pumzi ya kupanda mlima, na kila mmoja alikuwa akiipanda pamoja naye.

Hayat alibaki amesimama muda mrefu na kidole chake kimelegea. Kisha akavuta godoro lake mpaka kwa Zubeda, akamwingizia chini ya mgongo, akaanza kumpepea kwa ukingo wa kanga.

"Habari za posa..." alianza Radhia.

"Mi niko napepea," alisema Hayat.

Chabani hakupewa kazi yoyote, basi akajipa moja. Gunia la mtungi lilikuwa limeanza kukauka. Alilifungua, akalichovya ziwani, akalizungushia upya. Upepo ulipita. Akatia mkono ndani ya mtungi ili aone, kama anavyofanya kwa frigo la mteja.

Aliuacha mkono humo.

Kulikuwa na ubaridi. Si wa kuuma. Ubaridi wa wastani, wa usawa, kila upande, katikati ya jua lile. Hakukuwa na mota, wala waya, wala gesi. Alilitazama gunia likitoa mvuke usioonekana, na akaelewa, polepole. Ndani ya kila frigo aliyowahi kufungua kulikuwa na kitu hikihiki: kimiminika kinageuka mvuke, na kikiondoka kinaondoka na joto. Ndiyo siri yote. Kwa siri hiyo alikula mkate miaka ishirini, akajenga nyumba, akamlea Houda. Halafu siku siri hiyohiyo ilipomjia imevaa gunia, aliicheka.

"Subhanallah," alisema, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyefumaniwa.

Aliendelea kulilowesha gunia usiku kucha. Alfajiri, mlima wa Congo ulipoanza kuwa buluu, pumzi ya Zubeda ilikuwa imeshuka mlima. Alifungua macho.

"Baba Houda."

"Niko hapa."

"Mbona umelowa?"

Alilia mbele ya watu wote, mtu mzima na ufunguo wa sanduku bado umening'inia shingoni, na hakuna aliyegeuza uso kumwonea haya. Baadaye kidogo Namegabe aliitikia redio yake, akaja kusema njia imefunguliwa. Alilisema kwa kunong'ona, kapiteni mzima kwenye boti yake, akaenda kung'oa nanga.

*

Bandari ya Kigoma ilikuwa imejaa watu. Houda alikuwa miongoni mwao, amengoja tangu juzi, mtoto begani, na Zubeda alimwona kabla kamba haijafungwa. Hakuweza kusimama peke yake. Radhia alimshika kwapa moja na Talal la pili. Walikuwa wamekubaliana waende hospitali moja kwa moja, wote wanne, kwa sababu dawa iliyobaki ilikuwa ya wanawake wawili sasa, na ilikuwa imefika chini kabisa ya kichupa.

Sanduku la barafu lilibaki juu ya magunia. Namegabe aliuliza kama fundi amelisahau.

"Liwekee samaki," alisema Chabani. "Kwa samaki halina mfano."

Mtungi aliubeba yeye, kwa mikono miwili, kifuani.

Mtu wa forodha aliwasimamisha kwenye daraja la boti. "Humo ndani mna nini?"

Talal alivuta pumzi. Abiria walikuwa wamejipanga pande zote mbili. Ni Radhia aliyejibu, na alijibu kwa sauti ya kufika mwisho wa mstari.

"Dawa ya sukari. Yangu na ya dada yangu huyu."

Yule wa forodha alichungulia, akaona uzi na mkebe, akawaambia wapite. Kwake yeye halikuwa jambo kubwa.

Lakini walipoanza kushuka, watu walijibana pande zote mbili kuupisha mtungi, kama walivyofanya siku ya kwanza. Wazee waliinua kanzu zao zisiuguse. Hakuna aliyewaambia. Chabani alipita katikati yao akitembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, na gunia likidondosha maji njia nzima. Hayat alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alimtazama Radhia, kisha akanyoosha kidole chake kilekile, akakinga tone moja chini ya mtungi, akajipaka usoni.

Naye alikuwa amesikia vizuri kwamba si Zamzam.